Kingamwili ya FOXP3: Kuitafuta Protini Ndani ya Kiini cha Seli

Katika damu ya mtu mwenye afya kuna kundi dogo la seli T (aina ya seli nyeupe za kinga), liitwalo seli za udhibiti, ambalo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine za kinga, zisije zikaugeukia mwili wenyewe. Kwa hadubini huwezi kuzitenga na seli T nyingine. Alama yake inayoaminika zaidi ni FOXP3, protini inayoshika DNA na kuamua jeni zipi ziwashwe na zipi zizimwe. Mwaka 2001 ilibainika kwamba hitilafu katika jeni ya protini hii, iliyo kwenye kromosomu X, husababisha IPEX, ugonjwa mzito unaowapata hasa watoto wa kiume, ambapo kinga hushambulia utumbo, ngozi na tezi. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizohusiana nayo, Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2025.

Maabara huitafuta FOXP3 kwa kingamwili, yaani protini inayoshika shabaha yake mahususi, iliyounganishwa na rangi inayong'aa inapomulikwa na leza. Ugumu ni kwamba protini hii hukaa ndani ya kiini, na kingamwili, kwa ukubwa wake, haipenyi utando wa seli iliyo hai. Kwa hiyo seli hutiwa kwanza kemikali ya kuzishikiza protini mahali pake, kisha nyingine ya kutoboa utando wa seli na wa kiini. Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia: kemikali ikiwa hafifu, kingamwili haifiki, ikiwa kali mno, sehemu inayopaswa kushikwa hubadilika umbo. Isitoshe, seli zilizopitia hatua hizi zimekwisha kufa, na ndiyo maana anayezihitaji zikiwa hai hulazimika kutumia alama za nje, yaani protini za juu ya utando wa seli: CD4, CD25 iliyo nyingi na CD127 iliyo kidogo.

Kingamwili zenyewe hazilingani. Ile iitwayo FJK-16s hutumika sana kwa seli za panya, PCH101 na 259D kwa za binadamu. Tena, seli za binadamu hutengeneza pia FOXP3 fupi isiyo na sehemu inayotokana na eksoni ya 2 (kipande kimoja cha jeni), na kingamwili inayoshika eneo hilo haitaiona kabisa.

Ninawasihi wasomaji wa matokeo wazingatie jambo moja zaidi: seli T ya kawaida ya binadamu, ikichochewa, inaweza kutoa FOXP3 kwa muda bila kuwa na uwezo wa kutuliza chochote. Mng'ao huthibitisha kuwapo kwa protini, hauthibitishi kazi ya seli. Palipo na shaka, hupimwa kama seli hizo zinazuia nyingine kuzaliana, au huchunguzwa DNA ya jeni ya FOXP3 yenyewe, ambayo katika seli halisi za udhibiti huwa na eneo lililovuliwa vikundi vya methili (alama ndogo za kikemikali juu ya DNA), na katika zile zilizochochewa tu vikundi hivyo hubaki kwa sehemu kubwa.