Herufi ya Pili au Kivuli? Namna ya Kupiga Picha ya Sarafu na Kusoma Kasoro Zake

Picha za sarafu tunazoletewa kutambua ni nyingi, na zinazoongoza ni za shilingi 500, ile yenye kichwa cha korongo mwenye taji. Swali huwa karibu lile lile: herufi za neno UGANDA zinaonekana zimeandikwa mara mbili, je, sarafu hii ni adimu, na inauzwa kwa bei gani? Mara nyingi picha yenyewe haiwezi kulijibu, kwa kuwa imepigwa usiku chini ya balbu moja, simu ikiwa mkononi na flashi imewashwa, na kinachodhaniwa kuwa herufi ya pili ni kivuli cha ile ya kwanza.

Inafaa kujua kwanza sarafu inavyopata sura yake. Kiwanda hutengeneza muhuri mama wa chuma kigumu, wenye picha iliyoinuka, kisha huugandamiza juu ya chuma kingine ili kupata muhuri wa kupigia, ambao picha yake imezama na kugeuka kama inavyoonekana kwenye kioo. Zamani mgandamizo mmoja haukutosha kuizamisha picha ipasavyo, hivyo kazi ilirudiwa, na pale mgandamizo wa pili ulipokosa kukaa sawasawa juu ya wa kwanza, muhuri wa kupigia ulibaki na picha mbili, na kila sarafu iliyotoka chini yake ilizaliwa na kasoro hiyo hiyo. Mfano unaojulikana zaidi ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, iliyopigwa Philadelphia, ambayo tarehe na maandishi yake yanaonekana maradufu hata bila lenzi. Inakadiriwa kuwa kati ya 20,000 na 24,000 ziliwafikia watu.

Katika kasoro ya namna hiyo, herufi ya pili imeinuka na kuviringika kama ya kwanza, herufi nzima imenenepa, na kwenye ncha zake huonekana mpasuko mdogo. Ni tofauti kabisa na mtikisiko wa mashine, ambao ndio tunaouona karibu kila wiki: muhuri uliolegea husogea kidogo baada ya pigo, ukaikwangua herufi ubavuni na kuacha kama ngazi bapa inayong'aa. Hapo herufi hukonda, kwa sababu ngazi hiyo imekatwa kutoka kwenye mwili wake. Mtikisiko hauongezi bei, hata muuzaji aseme nini.

Sasa picha. Itoe sarafu kwenye mfuko wa plastiki, uiweke juu ya karatasi isiyong'aa karibu na dirisha, mchana, mahali ambapo jua haliipigi moja kwa moja. Ilaze simu juu ya vitabu viwili vilivyoachana, lenzi ikiitazama sarafu wima, na utumie kipima muda cha sekunde mbili au tatu ili kidole kisiitikise. Usiisogeze karibu mno. Heri sarafu ionekane ndogo lakini kali, uikate picha baadaye. Kuvuta kwa vidole kwenye skrini hakuongezi chochote, na programu za simu zina tabia ya kunoa kingo hadi kuchora mstari mweupe kando ya herufi, mstari ambao nimewahi kuona ukitetewa kwa nguvu zote kuwa ni maandishi ya pili.

Kisha, bila kuigusa simu, izungushe sarafu robo duara upige tena. Kivuli kitabaki upande ulio mbali na dirisha, ilhali maandishi maradufu yatazunguka pamoja na sarafu. Picha hizi mbili humaliza mabishano mengi.

Uchakavu nao una aina mbili. Sarafu iliyozunguka sokoni na kwenye mifuko ya makondakta huanza kulika sehemu zilizoinuka zaidi: kwenye shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 1921, manyoya ya simba hulainika wakati uwanda unaozunguka maandishi bado uko salama. Muhuri uliochoka huacha dalili nyingine. Herufi huwa na ukungu na kutanuka kuelekea ukingoni, uwanda hupata vipele kama ganda la chungwa, na mng'ao wa upya bado upo hata mahali ambapo picha ni hafifu. Uchakavu huo wa muhuri nao huweza kuleta umaradufu hafifu usio na mipaka, ambao hatuuhesabu.

Kabla ya kuipiga picha, usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno, maana mikwaruzo yake haifutiki na huficha dalili tunazozitafuta. Tuma pande zote mbili, ukingo, na picha moja yenye rula kando yake.