Je, wajua kwa nini chubwi hupanda juu mtumbwi ukikaza mwendo?

Mita 30 za mshipi majini, chubwi (uzito unaozamisha mshipi) kwenye ncha, chambo karibu yake, mota inavuta mtumbwi taratibu kutoka Muhumba, mtaa wa Bukavu kando ya Ziwa Kivu. Mwenye mshipi anaamini chambo chake kiko mita 30 chini. Hakiko.

Mshipi unaokokotwa haukai wima, unalala. Uzito wa chubwi unauvuta chini, maji yanausukuma nyuma. Nguvu hizo mbili zikilingana, mshipi hulala katikati ya wima na usawa, na chubwi linakaa kwenye kina cha mita 21 hivi. Sasa kaza mota hadi mwendo uwe mara mbili. Msukumo wa maji hauwi mara mbili, unakuwa karibu mara nne, na chubwi lile lile linapanda hadi kama mita 7. Hapo sijahesabu jinsi maji yanavyousukuma mshipi wenyewe. Nailoni nene huinua chambo kuliko nyembamba, hata chubwi likiwa moja.

Wengi wakiona hivyo hufunga machubwi madogo madogo kwa mfululizo. Faida yake ni ndogo kuliko wanavyodhani, kwa kuwa kila moja linakuja na uzito wake na pia mwili wake wa kusukumwa. Chubwi moja la duara la gramu 200 hushuka vizuri kuliko manne ya gramu 50: ukipanua duara mara mbili, uzito unakuwa mara nane, lakini uso unaopigwa na maji unakuwa mara nne tu.

Je, jiwe? Ni la bure, na likinasa chini huumii moyo. Ila jiwe la gramu 200 likiingia majini linabaki na uzito wa kama gramu 125, wakati chubwi la madini ya risasi la gramu 200 linabaki na zaidi ya 180, tena mwili wake ni mdogo mara nne. Ubaya wa risasi ni sumu yake. Usiibane kwa meno, usiiyeyushe kwenye makaa ya kupikia, na watoto wakae mbali. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi madogo ya risasi mwaka 1987, baada ya mabata maji kuyameza na kufa.

Mtoni hesabu ni ile ile, ila maji yenyewe ndiyo mota. Mtumbwi uliotia nanga katika mkondo wa mita moja kwa sekunde ni sawa na mtumbwi unaokokota kwa mwendo huo ziwani. Ukipanda mto kwa mwendo kama huo ukipimwa na ukingo, umeshazidisha msukumo mara nne. Kwenye mawe, funga chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili likinasa likatike lenyewe na chambo kirudi. (Mto Ruzizi hapa karibu na Bukavu ni makorongo na mabwawa ya umeme; mambo haya ni ya tambarare ya Uvira, na huko kuna mamba.)

Na kina gani kinatafutwa? Kivu inafika karibu mita 485, lakini chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, kuna gesi iliyoyeyuka, na samaki hawaishi huko. Tena Kivu haina sangala, samaki mkubwa anayewinda wenzake. Sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa na wavu. Kukokota kunafaa zaidi Tanganyika, ambako mukeke na sangala hufukuza samaki wadogo.

Kabla ya kununua chubwi kubwa zaidi, punguza mota kwanza na utazame mshipi unapoingia majini. Ukiona umelala karibu usawa na maji, chambo kinaogelea juu juu.