Simu Mpya Yenye Kila Kitu: Dhana Potofu za Siku za Kwanza na Ukweli Wake

Anayenunua simu janja katika maduka ya Luthuli Avenue au Moi Avenue, jijini Nairobi, kwa kawaida hupewa dakika chache za kuishika kabla ya kulipa. Katika dakika hizo hutajiwa idadi ya megapikseli, ukubwa wa betri, gigabaiti za kumbukumbu na kama simu inashika 5G, mtandao wa kasi wa kizazi cha tano. Kisha hutelezesha kidole kwenye kioo, hupiga picha moja ya kaunta na kuridhika. Dhana nyingi potofu kuhusu simu mpya huzaliwa hapo. Si lazima muuzaji awe amesema uongo, kwa kuwa tarakimu zilizochapishwa kwenye kasha mara nyingi ni za kweli. Shida ni kwamba tarakimu hizo hazijibu maswali ambayo mnunuzi atajiuliza miezi sita baadaye, na kwamba siku za kwanza huisifu simu kwa mambo yasiyodumu na kuilaumu kwa mengine yatakayotulia yenyewe. Kwa mtu aliyejinyima kwa miezi kadhaa ili akinunue kifaa hiki, kuhukumu vibaya ni hasara ya kweli.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kamera yenye megapikseli nyingi ndiyo inayopiga picha nzuri. Ukweli ni kwamba idadi hiyo hueleza tu picha imegawanywa katika nukta ngapi, wala haisemi kila nukta imepokea mwanga kiasi gani. Simu nyingi zinazotangazwa kuwa na megapikseli 50 huunganisha nukta nne kuwa moja na kuhifadhi picha ya megapikseli 12.5, zile za 108 huunganisha tisa na kubaki na 12, na zile za 200 huunganisha kumi na sita na kurudi kwenye 12.5. Huo si udanganyifu, bali ni njia halali ya kukusanya mwanga zaidi panapokuwa na giza, lakini inaonyesha kwamba mnunuzi anayelipa zaidi kwa sababu ya 108 badala ya 50 huenda akapata picha zenye ukubwa uleule. Kinacholeta tofauti ni ukubwa wa kihisi cha mwanga, ubora wa lenzi, uwezo wa kamera kutulia mkono unapotikisika, na programu inayoichakata picha baada ya kupigwa. Hali kadhalika wingi wa lenzi mgongoni: katika simu za bei ya kati, moja au mbili kati yake huwa za megapikseli mbili tu, za kupiga vitu vya karibu sana au za kupima umbali, na wenye simu wengi huacha kuzitumia baada ya wiki ya kwanza.

Hapa pana jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee, nalo ni rangi ya ngozi. Tangu enzi za filamu, maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na matokeo yake yalikuwa kwamba nyuso nyeusi zilitoka kama vivuli au zenye rangi isiyo yake. Kamera za kidijitali zilirithi sehemu ya kasoro hiyo. Kampuni ya Transsion kutoka Shenzhen, yenye chapa za Tecno, Infinix na itel, ilijipatia soko kubwa barani Afrika kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, ilirekebisha kamera zake kwa ajili ya ngozi nyeusi. Nayo Google ilianza kulishughulikia suala hilo waziwazi mwaka 2021 ilipotoa simu ya Pixel 6. Kwa hiyo picha ya kaunta, iliyopigwa chini ya taa nyeupe za dukani, haitoshi kuwa kipimo. Mwombe mwenzako asimame mlangoni akiwa ameipa barabara mgongo, jua la saa sita likiwaka nyuma yake, kisha umpige picha. Kamera dhaifu itamfanya uso wake uwe giza tupu, au itamwangaza kupita kiasi hadi anga na mabango ya ng'ambo yawe weupe mtupu. Kamera nzuri itayaonyesha macho yake, maandishi ya mabango, na rangi ya uso wake kama unavyoiona. Halafu angalia kama programu ya kurembesha uso imewashwa, maana simu nyingi hutoka kiwandani ikiwa tayari inafanya kazi, ikilainisha mashavu na kuwafanya watu wawe weupe kuliko walivyo. Wengi huisifu kamera siku ya kwanza bila kujua kwamba wanachokisifu ni urembo huo. Mimi huuzima kwanza, ndipo nitazame picha.

Kuhusu betri, bado utasikia mteja akiagizwa aichaji simu mpya kwa saa nane kabla ya kuiwasha. Agizo hilo lilikuwa na maana kwa betri za zamani za nikeli. Betri za ioni za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991 na ndizo zinazotumika katika simu zote za leo, hazihitaji maandalizi hayo wala hazipaswi kuachwa ziishe kabisa ili zizoee. Kuiacha simu kwenye chaja usiku kucha hakuilipui pia, kwa kuwa ndani yake mna kidhibiti kinachokata umeme betri inapojaa. Kinachoichosha betri ni joto, pamoja na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa. Simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, au inayochajiwa chini ya mto kitandani, huumia zaidi kuliko ile inayochajiwa mara tatu kwa siku mezani penye hewa.

Kosa la upande wa pili ni kuilaani betri mapema. Simu inapowekewa akaunti ya mwenyewe hushusha picha za miaka mingi, husasisha programu kadhaa kwa pamoja na kupanga upya kila kilichomo, na wakati huo mwenyewe naye haiachi mkononi. Ni kawaida basi kwamba itapata joto na kuisha haraka katika siku za mwanzo. Hukumu ya haki kuhusu betri hutolewa baada ya wiki moja au mbili, matumizi yanapokuwa yamerudi katika hali yake ya kila siku. Tena, mAh 5,000 (kipimo cha ukubwa wa betri) katika simu mbili tofauti hazidumu sawasawa, kwa sababu prosesa, mwangaza wa kioo na kasi yake ya kujichora upya hula umeme kwa viwango tofauti; kioo cha hezi 120, yaani kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde, kinachofurahisha jicho dukani hutumia zaidi kuliko kile cha 60. Kuhusu kuchaji kwa kasi, wati 67 zilizoandikwa kwenye kasha hupatikana tu kwa chaja na waya wa aina inayotakiwa, na hata hivyo kwa sehemu ya muda tu, kwa kuwa kasi hupungua kadiri betri inavyokaribia kujaa. Chaja ya kando ya barabara itaichaji simu hiyo taratibu, na mwenyewe atadhani simu ndiyo mbovu.

Kumbukumbu ya gigabaiti "8 + 8" si kumbukumbu ya 16. Nane ya pili ni sehemu ya hifadhi ya kawaida iliyoazimwa ili isaidie RAM, yaani kumbukumbu ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi, na hifadhi hiyo ni ya polepole zaidi kwa mbali. Isitoshe, inapunguza nafasi ya picha na video zako. Nayo simu ya gigabaiti 128 haikupi 128 zote, kwa sababu mfumo wenyewe na programu zilizokuja nayo tayari zimechukua sehemu yake.

Kuhusu 5G, dhana ni mbili na zinapingana. Wapo wanaoamini kwamba simu ya 5G huifanya intaneti iwe ya kasi popote, na wapo wanaoikimbia wakisema inakula bando. Safaricom ilianza majaribio ya 5G mwaka 2021 na kuifungua kwa biashara mwaka 2022, kisha Airtel ikafuata mwaka 2023, lakini simu hupata 5G pale tu ulipo mnara wenye huduma hiyo unaotumia masafa ambayo simu inayaelewa. Kwingineko inarudi kwenye 4G kama nyingine yoyote. Ama bando, megabaiti ni ileile katika mitandao yote miwili. Kinachotokea ni kwamba programu za video, zikiona mtandao una kasi, hupandisha ubora wa picha zenyewe, na hapo ndipo bando huisha. Ukiweka kikomo cha ubora huo katika mipangilio ya programu, lawama hiyo inaondoka.

Alama ya IP68, inayoonyesha kwamba simu inahimili vumbi na maji, nayo imewafanya watu wengi waioshe simu bombani. Jaribio la alama hiyo hufanywa katika maabara, kwa simu mpya na maji safi yaliyotulia, kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji mwenyewe. Maji ya chumvi, sabuni na mvuke wa moto hayamo. Mipira inayoziba pembe huchakaa, na fundi akishaifungua simu mara moja ili abadilishe kioo, kinga hiyo hupungua au hutoweka kabisa. Kampuni nyingi hazikubali kutengeneza bure simu iliyoingia maji, hata kama kasha lake lina alama hiyo.

Lakini dhana ambayo naiona kuwa na madhara makubwa kuliko hizi zote ni ile isiyotamkwa dukani kabisa: kwamba simu ikiwa mpya mkononi mwako, basi ni mpya. Modeli iliyotoka miaka mitatu iliyopita, ikiwa ndani ya kasha lililofungwa na plastiki, hung'aa kama iliyotoka jana. Hata hivyo, muda wa mtengenezaji kuipelekea masasisho ya usalama, yaani marekebisho yanayoziba mianya ya wezi wa mtandaoni, huhesabiwa tangu modeli ilipoanza kuuzwa duniani, wala hauhesabiwi tangu siku uliyoilipia. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikaahidi muda huohuo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu nyingi za bei nafuu hupewa miaka miwili au mitatu, na baadhi hazipewi ahadi yoyote. Katika nchi ambayo M-Pesa imekuwepo tangu 2007 na ambako programu za benki, Sacco na huduma za serikali zimo ndani ya simu moja, simu isiyopokea masasisho ni mlango wa fedha ulioachwa bila kitasa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kisha uiunganishe na intaneti uone kama kuna jipya. Ikiwa tarehe ni ya mwaka juzi na hakuna kinachoshuka, wingi wa lenzi mgongoni hautakusaidia.

Iko pia imani kwamba simu iliyounganishwa hapa nchini ni duni au bandia. Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilifunguliwa Oktoba 2023, na simu zake za Neon zilikusudiwa kuwa za bei nafuu; unafuu huo ndio unaoeleza uwezo wake mdogo. Bandia ni jambo jingine. Mwishoni mwa Septemba 2012 tume ya mawasiliano iliagiza simu bandia zizimwe kwenye mitandao yote nchini, na zilizozimwa zilikuwa nyingi. Kabla ya kuondoka kaunta, piga *#06#, usome tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zitakazotokea, uzilinganishe na zilizo kwenye kasha na zilizoandikwa kwenye risiti. Zikitofautiana, usiichukue simu hiyo. Zikilingana, bado hujapata uthibitisho kamili, kwa kuwa namba hiyo inaweza kunakiliwa, ila umeondoa udanganyifu ulio rahisi zaidi.

Risiti hiyo ina kazi nyingine. Katika maduka mengi pamebandikwa tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na wanunuzi wengi huliamini kama sheria, wakavumilia simu inayojizima au kioo chenye mstari tangu siku ya pili. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakuutamka. Tangazo la ukutani haliwezi kuifuta haki hiyo. Anayeona kasoro ya kiwandani katika siku za kwanza airudishe simu mapema, ikiwa na kasha lake na vifaa vyake vyote, kabla hajaipeleka kwa fundi mwingine, maana muuzaji atauliza kwanza kama imefunguliwa.