Je, wajua kwa nini hadithi za vampaya, wale wafu wanaofufuka usiku kunyonya damu, zimejaa wanawake wanaopendana?

Kwetu Lamu nani hajasimuliwa yule jini mwanamke, mzuri ajabu, buibui lake safi, udi unanukia kichochoro kizima, we mwanamume umechelewa kurudi unamfuata weee mpaka ukiangalia chini unakuta kwato. Bibi alikuwa akitupa hiyo usiku stima ikipotea, tumejazana kitanda kimoja sisi wasichana wote wa nyumba, na kila mara anayefuatwa ni mwanamume. Damu nayo ilikuwa na mwenyewe, mumiani, lakini mumiani ni mtu wa biashara, anakukamata anakukamua anaenda kuuza, hana mapenzi na mtu. Sasa fikiria nilivyoshtuka siku nilipokuja kusoma kisa cha kizungu ambacho mnyonya damu ni msichana, anayemwendea usiku ni msichana mwenzake, na anamwambia kabisa kwamba anampenda.

Kisa chenyewe ni Carmilla, cha Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Dublin, kilitoka vipande vipande kwenye jarida kati ya 1871 na 1872. Hapo Dracula, yule vampaya maarufu wa kitabuni, bado, yeye alikuja 1897, yaani miaka 25 baadaye. Watu wengi wanadhani Dracula ndiye alianzisha mambo, kumbe alimkuta huyu binti ashapita.

Laura anaishi na babake kwenye kasri la upweke huko Austria, hana rafiki wa rika lake, halafu gari la farasi linapata ajali karibu na kwao na msichana mmoja anaachwa hapo awe mgeni kwa miezi mitatu. Ndo Carmilla huyo. Anamshika mkono, anambusu shavuni, anamwambia maneno ambayo Laura mwenyewe anasema yanampa raha na yanamchukiza kwa wakati mmoja, na usiku kuna mnyama mweusi kama paka mkubwa anayezunguka kitanda chake, na Laura anaanza kudhoofika. Hapa ndipo hofu yenyewe ilipo kwa maoni yangu. Meno si kitu. Kinachotisha ni kwamba Laura hajui kama anachoogopa ni kifo au ni huko kupenda kwake.

Sasa kwa nini iliwezekana kuchapisha kitu kama hicho Uingereza ya Malkia Victoria, ambako mambo ya kitandani hayakuwa yakitajwa? Kwanza wasichana kukumbatiana, kubusiana, kulala pamoja, kuandikiana barua za mahaba lilionekana jambo la kawaida tu la urafiki, hakuna aliyeuliza. Na sisi tunaelewa hilo vizuri, ukiwa umelelewa kwenye nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, unajua wanaume mwisho wao ni dakani, pale kibarazani mlangoni, na kule ndani ni dunia ya wanawake, na yanayozungumzwa ndani hubaki ndani. Pili, Carmilla si mtu. Akishakuwa maiti inayotembea, mwandishi anaweza kumpa kila neno ambalo msichana wa kawaida asingeruhusiwa kulisema, na msomaji anasoma mpaka mwisho akijiambia aah, si ni shetani tu huyu.

Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na bei yake. Lazima auawe. Wanaume wanaenda kulifungua kaburi, wanampigilia kigingi, wanamkata kichwa, wanamchoma, majivu wanayamwaga mtoni.

Hii bei iliendelea kulipwa muda mrefu sana. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili zilizobana kwelikweli kuanzia 1934 hadi 1968, mapenzi ya namna hii hayakutakiwa hata kudokezwa, na mwaka 1936 ikatoka filamu ya binti wa Dracula ambapo yule mwanamke anamleta msichana maskini kwake eti amchore picha, anamtazama shingo... na aliyeangalia alielewa. Huyo binti wa Dracula naye akafa. Kwenye vitabu vya bei rahisi vya Marekani vya miaka ya 1950 wachapishaji walitaka mwisho mbaya kwa sababu posta ingeweza kuvikamata vikionekana vinasifia mapenzi hayo. Na usidhani ni mambo ya kale na ya mbali, filamu yetu wenyewe ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilipopigwa marufuku hapa Kenya 2018 alieleza kwamba aliambiwa abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Ile si filamu ya kutisha hata kidogo, ni wasichana wawili wa Nairobi wanapendana tu, lakini lile dai la mwisho ni lilelile.

Aliyenifurahisha mimi kuliko wote ni Jewelle Gomez, mwandishi mweusi wa Marekani, mwenyewe anapenda wanawake, ambaye mwaka 1991 alitoa hadithi za Gilda. Gilda ni msichana aliyetoroka utumwa kule Louisiana mwaka 1850, anafanywa vampaya na mwanamke aliyemwokoa, anaishi mpaka 2050. Akinywa damu ya mtu hamuui, anaingia kwenye mawazo yake akiwa amelala, anaangalia anatamani nini, anamwachia ndoto nzuri mahali pa ile damu. Yaani mtu ambaye mwili wake uliwahi kuwa mali ya mwingine anakataa kuchukua bila kurudisha. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza, nikatoka juu darini kupunga upepo.

Halafu nikarudi kwa Carmilla, nikasoma tena kurasa za mwisho, manake mara ya kwanza nilipita mbio. Anayesimulia kisa chote ni Laura, miaka mingi imepita, na pale kaburini hakuwepo, anachokijua amekipata kwenye nakala ya ripoti ya wakubwa. Bibi alitufundisha kuangalia miguu ili tumtambue jini tumkimbie. Laura kila kitu kimeisha, mwenzake ni majivu, lakini anasema mara nyingi akiwa kwenye mawazo yake hushtuka, akidhani amesikia hatua nyepesi za Carmilla kwenye mlango wa sebule.