Mlezi Atakuwapo Mwaka Ujao?

Kila mtu mzima anapojitolea kuwa mlezi wa kijana aliyeanza kuchungulia mlango wa mahakama hapa Malindi, swali langu la kwanza kwake huwa ni hili: mwaka ujao, siku kama ya leo, utakuwa ungali mjini?

Nililipata swali hilo kwa uchungu. Niliwahi kumkabidhi mvulana wa miaka 15 kwa mlezi mwema, lakini baada ya wiki sita mlezi huyo alipata kazi kwengine akaondoka bila kuaga. Mvulana alimngoja barazani Jumamosi mbili, na ya tatu alikuwa amesharudi maskani. Kosa lilikuwa langu, kwani sikuuliza. Baadaye nilisoma utafiti wa Grossman na Rhodes wa mwaka 2002, uliotumia takwimu za mpango wa Big Brothers Big Sisters wa Marekani, unaowaunganisha vijana na walezi wa kujitolea, nikakuta kwamba vijana waliodumu na walezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi, ilhali walioachwa kabla ya miezi mitatu walipungukiwa na hata ile thamani waliyokuwa wakijiona nayo.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 iliupandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inaruhusu kesi ya mtoto iondolewe katika mkondo wa mahakama. Ni hatua njema sana, ila mtoto aliyeondolewa kortini lazima awe na pa kwenda na mtu wa kumpokea.

Mapokezi hayo, kwa maoni yangu, hayahitaji hotuba. Nilimshuhudia fundi wa mashua akimpa kijana patasi na nyundo, wakatia kalafati ubavu wa dau, uzi wa pamba ukiingizwa ufa baada ya ufa, bila neno juu ya simu iliyoibwa. Walipofika kwenye kupaka sifa, yale mafuta ya samaki ya kulinda mbao, kijana, macho yakiwa kwenye ubao, alianza mwenyewe kuusimulia usiku ule. Fundi aliendelea kupaka. Kisha kijana akauliza, “Ami, kesho nije saa ngapi?”

Siku hizi mlezi akilazimika kuondoka, namtaka aje kuaga mwenyewe, wiki kadhaa mapema, huku mlezi atakayempokea kijana akiwa ameketi papo hapo.