Nani anaamua choo kichimbwe wapi? Njia ya Profesa Miriam Were

Mwaka wangu wa kwanza kama afisa wa afya ya umma, huku magharibi mwa Kenya, nilipewa pikipiki na orodha ya maboma yasiyo na choo. Nikamwomba mzee wa kijiji aitishe mkutano. Wanaume waliketi kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, wanawake wakakaa kwenye nyasi na watoto wao. Nikahubiri kipindupindu na minyoo mpaka sauti ikanikauka. Wazee wakaitikia, tukapiga makofi, nikaandika ripoti nzuri.

Baada ya miezi mitatu vyoo vichache vilikuwa vimechimbwa, na baadhi havikuwa na hata dalili ya kutumiwa. Mama mmoja akanitoa ushamba: "Mwanangu, mzee amechimba kando ya njia ili chifu akione. Tena ni kimoja. Wakaza wanangu wataingiaje choo kimoja na baba mkwe wao?" Kwa mila za kwetu hilo ni jambo zito, na mimi ni mzaliwa wa huku huku. Sikuwa na kisingizio. Nilikuwa nimewauliza waliokaa kwenye viti tu.

Ndipo nikaanza kumsoma kwa makini Profesa Miriam Were, daktari Mkenya wa afya ya umma, kwa sababu yeye alikuwa amefanya kazi hii Kakamega, huku huku magharibi, katika miaka ya 1970, kabla sijazaliwa. Alizaliwa huko mwaka 1940. Alisomea sayansi Marekani, akarudi akawa mwalimu, kisha akaingia tena darasani kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuhitimu mwaka 1973. Baadaye akachukua shahada ya uzamili na ya uzamivu ya afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Pia ameandika riwaya, na sishangai: anayejua kusikiliza watu wanavyozungumza atafaa kote kuwili.

Alichokifanya Kakamega kinaelezeka kirahisi ingawa kukitenda ni kazi. Magonjwa mengi yaliyojaza hospitali yalizuilika nyumbani: maji yachemshwe, choo kichimbwe, mtoto achanjwe, mjamzito aende kliniki mapema. Daktari anayemsubiri mgonjwa wodini amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo wanakijiji wenyewe walichagua watu wao, wakafunzwa, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba. Kauli yake inayojulikana sana ni kwamba jambo lisipofanyika katika jamii, halijafanyika katika taifa. Mwaka 1978 nchi zilipokutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, na kutangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kufuatwa, Kakamega tayari ilikuwa kazini.

Wasifu wake huko mbele umejaa vyeo, nami nitavipitia mbio. Aliliwakilisha Shirika la Afya Duniani nchini Ethiopia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha akafanya kazi na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu. Mwaka 2008 Japani ilimpa Tuzo ya Hideyo Noguchi kwa Afrika, mara ya kwanza ilipotolewa. Noguchi mwenyewe, mwanasayansi wa Japani, alifariki Accra mwaka 1928 kwa homa ya manjano aliyokuwa akiichunguza.

Cheo kimoja nitakaa nacho kidogo. Kuanzia 2003 hadi 2009 aliongoza Baraza la Kitaifa la Kudhibiti UKIMWI hapa Kenya. Utafiti wa kitaifa wa 2003 ulipima damu ya watu na kukuta virusi kwa karibu asilimia 9 ya wanawake, wanaume wakiwa karibu asilimia 5. Tofauti hiyo haielezwi na maumbile peke yake. Tulikuwa tukiwaambia watu wawe waaminifu na watumie kondomu, ushauri unaomfaa mtu mwenye kauli juu ya mwili wake. Mke ambaye mumewe yuko mjini miezi kumi, na akirudi haulizwi kitu, hana kauli hiyo. Hapo usawa wa kijinsia unaacha kuwa mada ya warsha, unakuwa kipimo cha damu. Ukitaka nambari zishuke, lazima uingie kwenye swali la nani anaamua nini ndani ya nyumba, swali lile lile la choo changu.

Sasa niseme ninaloona limebaki pungufu, na hili ni langu mimi. Mfumo wa kupita nyumba kwa nyumba uliegemea kujitolea, na wanaojitolea zaidi ni wanawake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na huduma za jamii duniani, ila katika uongozi wa juu wanashika kama robo tu ya nafasi. Tunamsifu mama anayejitolea kwa moyo wake mkubwa, halafu tunamlipa kwa sifa hizo hizo. Ethiopia ilichukua njia nyingine kuanzia 2003: ikaajiri wasichana zaidi ya 30,000, ikawafunza mwaka mzima na kuwaweka kwenye mshahara wa serikali. Mshahara wao si mkubwa, lakini ni mshahara.

Kenya ilichelewa. Mkakati wa afya ya jamii ulikuja mwaka 2006, na ilipofika Septemba 2023 ndipo wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipokabidhiwa mikoba yenye vifaa na kuahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mwezi uliofuata ikatiwa saini Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi. Mhamasishaji mmoja hupewa kama nyumba 100. Piga hesabu: shilingi 50 kwa nyumba, mwezi mzima, na humo apime presha, afuatilie wajawazito, aulize chanjo, ajaze takwimu kwenye simu. Hata hivyo nilifurahi siku ile. Waliokuwa wakiitwa wa kujitolea kwa miaka na mikaka walionekana kwenye bajeti.

Yule mama wa choo ni mmoja wao. Majirani walimchagua hadharani, na safari hii kila mtu alikuwa kwenye nyasi. Katika eneo lake maboma mengi yana vyoo viwili, kimoja cha wazee na kimoja cha wakaza wana, nyuma ya migomba, mahali ambapo hakuna chifu atakayeviona akipita. Nilipompigia wiki jana kuuliza takwimu za mwezi alinisomea zote bila kukosea, kisha akaniuliza kama nimesikia lolote kuhusu ile nusu ya kaunti, maana simu yake bado haijalia.