Wilaya ya mkataba haijauza shule zake

Jimbo la Georgia, Marekani, lilizitaka wilaya zake za shule zichague kufikia 30 Juni 2015: kuwa wilaya ya mkataba, kuomba misamaha ya kimkakati (yaani kuondolewa baadhi ya sheria za jimbo), au kubaki na sheria zote kama zilivyo. Neno “mkataba” likawatia wazazi wengi hofu. Wakadhani shule zinakabidhiwa watu binafsi.

Sivyo. Anayetia saini mkataba huo na Bodi ya Elimu ya jimbo ni bodi ileile ya wilaya. Shule hubaki za umma, na ada hakuna. Wilaya hupewa uhuru, mathalani kupanga idadi ya wanafunzi darasani au ngazi za mishahara, nayo huahidi matokeo bora. Mitihani ya jimbo na sheria za shirikisho hazisamehewi.

Anayestahili kuulizwa maswali ni baraza la shule, lenye wazazi na walimu, ambalo njia ya mkataba hulidai kila shule. Je, lina sauti kwenye bajeti na uteuzi wa mwalimu mkuu, au linaitwa kunywa chai tu? Wilaya ya Fulton, iliyoingia kwenye mkataba mwaka 2012, iliyaita mabaraza hayo mabaraza ya utawala.